Mito Kwanza, Amplifaya Baadaye

Kuna sentensi moja iliyonigharimu kodi ya miezi miwili: "Hiyo hedifoni haijapata amplifaya inayoistahili." Niliambiwa na watu watatu, kila mmoja kwa sauti ya daktari bingwa anayemhurumia mgonjwa. Nikaamini. Sasa nimepona, na nina hasira.

Hedifoni yenyewe ni Fostex T50RP, ya kampuni ya Kijapani, iliyokusudiwa studio na ambayo mafundi wa nyumbani wamekuwa wakiifungua na kuirekebisha kwa miaka mingi. Ndani hakuna koni kama ya spika ya redio. Kuna utando mwembamba uliochapwa njia za umeme, umekaa katikati ya sumaku. Niliinunua kwa mwanafunzi mwenzangu, akiwa ameshaichokonoa: pamba nyuma ya utando, udongo wa kufinyangia kwenye kuta za kikombe, utepe kwenye matundu ya hewa. Alijivunia kazi yake, na alikuwa na haki. Ila besi haikuwepo. Gitaa la besi kwenye rumba lilisikika kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu.

Nikajinyima, nikanunua amplifaya. Nikapata kelele zaidi. Besi haikurudi.

Usiku mmoja, kwa uchovu tu, niliegemeza kichwa mikononi, viganja vikaikandamiza hedifoni. Besi ikaingia. Nikaachia, ikatoka. Nikavua miwani, ikarudi nusu. Kikulacho ki nguoni mwako: mito ya masikioni ilikuwa imesinyaa, ngozi yake imepasuka, na miwani yangu ilikuwa ikiinua mto na kuacha upenyo.

Sababu haina uchawi. Kwenye hedifoni ya aina hii, besi inahitaji hewa iliyofungiwa kati ya utando na sikio. Ukiacha ufa, hewa inatoroka, na besi ndiyo ya kwanza kuondoka nayo. Amplifaya haizibi ufa. Inapandisha vyote kwa pamoja, besi na makali, na ufa unaendelea kuvujisha besi ileile. Ni sawa na kufungulia bomba kwa nguvu zaidi juu ya ndoo iliyotoboka.

Nikanunua mito mipya, minene, kwa bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya ile ya amplifaya. Besi ikarudi. Lakini sauti ya mwimbaji ikasogea nyuma, na matoazi yakabadilika ukali. Hapo nikaelewa jambo la pili: mto si kitambaa cha starehe. Unene wake unaamua sikio likae umbali gani na utando. Ngozi inaziba na kuakisi. Mahameli inapumua na kunyonya. Fundi aliyepima pamba yake kwa mto mmoja alikuwa ameirekebisha hedifoni pamoja na mto huo. Ukibadilisha mto, umeanza kazi upya. Anayekuuzia hedifoni iliyorekebishwa bila kukwambia alitumia mito gani amekuuzia nusu ya kitu.

Sisemi amplifaya ni utapeli. T50RP ya toleo la tatu ni nzito kusukuma: inatoa desibeli 92 kwa miliwati 1. Kufika desibeli 110 kwenye vilele vya muziki, inahitaji miliwati 63 hivi, na simu nyingi hazifiki hapo. Na zipo hedifoni ambazo amplifaya hugeuza hata rangi ya sauti yake. Sennheiser HD 600, ya omu 300, ukizani wake hupanda kwenye besi. Ukiichomeka kwenye amplifaya yenye ukizani mkubwa wa kutolea, besi hunyanyuka kidogo. Lakini utando wa T50RP una ukizani ulionyooka, omu 50 karibu kote. Ikishapata nguvu za kutosha, amplifaya ya bei mara tano haina pa kuigusa.

Kinachoniuma zaidi si pesa. Niliposema besi haipo, niliambiwa masikio yangu bado hayajakomaa. Nikaacha kuyaamini, nikaongeza sauti, usiku baada ya usiku, nikiitafuta besi iliyokuwa ikivujia shavuni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Amplifaya mpya itanunuliwa tena. Sikio halinunuliwi.

Kwa hiyo, wewe uliye na hedifoni iliyochokonolewa na mshauri anayekuhurumia: kabla hujatoa hata shilingi, vaa, weka wimbo unaoujua, bana vikombe taratibu kwa viganja. Vua miwani. Sogeza rasta zilizokaa chini ya mto. Besi ikibadilika, mwambie mshauri wako asubiri. Amplifaya yangu ipo kabatini. Anayeitaka aje, nitampunguzia bei, ila kwanza nitamkagua mito.