Zimwi Lisilo na Njaa

Upo mchezo ambao vijana wengi wa Marekani na Ulaya, na baadhi ya wa miji yetu, huupenda kuliko karata. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja wao ni msimulizi, naye huueleza ulimwengu wa hadithi na yote yaliyomo. Waliobaki hujitwalia kila mtu nafsi yake, huyu nahodha wa chombo cha anga, yule tabibu, wa tatu fundi wa mitambo, nao husema watendalo. Dadu hutupwa ili ijulikane kama tendo limefaulu. Mwaka 1974 ulitokea Marekani mchezo wa namna hii uitwao Dungeons & Dragons, ambao ni wa mapanga na uchawi; mwaka 1977 ukaja Traveller, uwapelekao wachezaji katika nyota za mbali.

Sina ugomvi na mchezo wenyewe, maana humfundisha kijana kufikiri na kusema. Ugomvi wangu ni juu ya mazimwi yake. Mwambie msimulizi chipukizi atunge mnyama wa hatari wa sayari ya mbali, naye atakuletea jitu lenye urefu wa nyumba, vinywa vitatu, meno kama misumeno, na ngozi isiyopenywa na risasi. Limekaa pangoni. Wachezaji wakiingia, huwarukia. Nauliza swali moja tu: jitu hili lilikula nini jana? Pango ni la mawe matupu, sayari ni jangwa, na mwanadamu hakupata kukanyaga huko tangu dunia kuumbwa. Chakula hakuna, nalo limenenepa!

Hunijibu kwamba huu ni mchezo, si somo la elimu ya viumbe. Mradi wachezaji wametishika, yatosha. Jibu hili ni dhaifu. Meno humtisha mtu mara ya kwanza. Mara ya tatu huyahesabu tu. Tena, na hili ndilo baya zaidi, kiumbe asiye na sababu hawezi kufikiriwa. Huwezi kumtegea chambo, kwa kuwa hali kitu. Huwezi kumvizia kisimani, kwa kuwa hanywi. Huwezi kumwogofya kwa ajili ya watoto wake, kwa kuwa hakuzaa wala hakuzaliwa. Limesalia jambo moja, kutupa dadu mpaka mmoja afe. Msimulizi amewanyang'anya wenzake akili, akawaachia mikono.

Watazame siafu. Mmoja humsaga kwa kidole, na wale wafanyao kazi hawana hata macho. Lakini kundi lao laweza kufika mamilioni, nalo latafuta nyama. Likiingia nyumbani usiku, wenye nyumba humbeba mtoto mchanga, humfungua mbuzi, huwatoa kuku bandani, wakaenda zao nje. Baadaye hurudi, wasione mende hata mmoja. Hapa pana hatari ya kweli, na pana njia ya kuokoka kwa yeye aijuaye tabia ya adui. Jitu la pangoni halina hata moja kati ya hayo mawili.

Au mchukue mbu, ambaye huifuata pumzi tuitoayo. Mtunzi na ambuni kiumbe wa giza awindaye vivyo hivyo, kisha amwachilie ndani ya chombo cha anga ambamo watu sita wamefungiwa. Kila pumzi yawa mwito. Mchezaji mwenye busara ataona kwamba aliyevaa vazi lililozibwa hapatikani, na mwenzake aliyejeruhiwa, ambaye ahema kwa nguvu, ndiye chambo. Je, wamwache? Hapo meza nzima hunyamaza, wala hakuna jino lililotajwa.

Waliotangulia walilijua jambo hili. Mwaka 1934 Stanley Weinbaum alibuni mnyama wa Mirihi ambaye humwonyesha windo lake sura ya kile linachokitamani, likamjia lenyewe. Traveller nao uliwapanga wanyama kwa namna wapatavyo riziki: walao majani, waviziao, wafukuzao, wategao, na wale wapokonyao mawindo ya wengine. Ikaja sinema ya Alien mwaka 1979, na waigaji wakakinyakua kichwa na meno. Hawakuona kwamba kitisho chake ni uzazi wake: hukuza kinda lake ndani ya mwili wa mtu, kama nyigu wengine wafanyavyo kwa viwavi. Na wapendao kumkuza buibui awe kama tembo wakumbuke kwamba urefu ukizidi mara mbili, uzito huzidi mara nane, na eneo la mkato wa mguu uubebao uzito huo mara nne tu.

Yupo asemaye kwamba kisichojulikana hutisha kuliko kijulikanacho. Neno hilo lina uzito, nami nalikubali kwa nusu: wachezaji wasijue, lakini mtunzi ajue. Wazee waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha walikwisha kukiri kwamba hata zimwi lina hesabu zake.

Nilipata kukaa katika meza moja ambapo jitu la pangoni lilitokea kwa kishindo. Mchezaji mdogo kuliko wote akauliza, "Hula nini?" Msimulizi akasita, akasema, "Watu." Kijana akauliza tena, "Watu gani?" Tukacheka wote, na usiku ule hakuna aliyeogopa tena.