Sataranji ya kompyuta: nani anakumbuka mchezo, injini ao ubao?

Mtu anayecheza sataranji kwenye kompyuta anaona programu moja, lakini mara nyingi ziko mbili. Ya kwanza inaonyesha ubao na kuhesabu saa. Ya pili, inayoitwa injini, haionekani: kazi yake ni kufikiri. Zinazungumza kwa mistari mifupi ya maandishi, na kanuni za mazungumzo hayo ndizo zinazogawa madaraka kati yao.

Katika miaka ya 1990, kanuni zilizoenea zilikuwa za XBoard, programu ya bure iliyotunzwa kwa muda mrefu na Tim Mann. Humo injini ni mchezaji kamili: inakumbuka mchezo tangu mwanzo, inaweza kuomba sare, hata kukubali kushindwa.

Novemba 2000, Rudolf Huber na Stefan Meyer-Kahlen, mtengenezaji wa injini ya Shredder, walitoa kanuni nyingine: UCI. Hapa kumbukumbu iko mikononi mwa programu ya ubao. Kila zamu, inaieleza injini mchezo wote upya, kuanzia nafasi ya mwanzo hadi mwendo wa mwisho. Injini inafikiri, kisha inajibu mwendo inaouona bora.

Faida ni kubwa. Kurudisha mwendo nyuma ao kufungua mchezo mwingine si tena mzigo wa mtengenezaji wa injini. Stockfish, injini ya bure iliyotokea mwaka 2008, inatumia UCI, na kwa hiyo inaingia katika programu nyingi za ubao bila kutengenezwa upya kwa kila moja. Leela Chess Zero ya mwaka 2018, inayotumia mtandao wa neva, hutazama pia hali za ubao zilizotangulia. UCI ilikuwa tayari inaleta miendo yote.

Lakini kuna gharama. Katika UCI, injini haina amri ya kuomba sare wala ya kukubali kushindwa. Katika mashindano, programu inayoendesha mchezo inaweza kuukatisha kwa kutazama alama zinazotolewa na injini. Alama hizo nazo zilipangwa kuhesabiwa kwa mia ya thamani ya askari mmoja, kete ndogo kuliko zote. Leela inapima uwezekano wa kushinda ao kushindwa, kwa hiyo inabidi igeuze hesabu yake. Baadaye chaguo la kuonyesha uwezekano huo liliongezwa, na Stockfish pia ikalichukua.

XBoard haikufa. Ili kupokea injini za UCI, ilitumia mkalimani: programu ya Polyglot ya Fabien Letouzey. Lakini hesabu iko wazi: kanuni zilizodai kidogo kwa injini zilifungulia mlango watengenezaji wengi, na injini ikapoteza haki ya kusema yenyewe kwamba mchezo umekwisha.