GUNIA LA SUKUMA WIKI NALO NI SHAMBA



Sisi tunaokaa Kibera na Kawangware twajua kwamba mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na siku zile za mwisho mboga ndiyo hutuvusha. Kwa hiyo bibi zetu wengi wana magunia ya udongo mlangoni. Katikati husimamishwa safu ya kokoto ili maji yashuke mpaka chini, kisha ubavuni hutobolewa matundu ya kupandikiza miche. Kibera kazi hii ilienea sana tangu 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi na kuchomwa kwa soko la Toi, shirika la Solidarités la Ufaransa lilipogawa miche.

Neno letu ni juu ya udongo. Unachotwa wapi? Kando ya reli, karibu na jaa, nyuma ya karakana ambapo betri za magari huvunjwa. Petroli yenye risasi iliachwa nchini mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi. Hukaa ardhini miaka mingi, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo. Kuosha mboga huondoa vumbi (na ni lazima kuosha), lakini madini yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayaoshwi.

Wataalamu hawakulala. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliopima udongo, maji na mboga za magunia ya Kibera. Lakini ulichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la wasomi. Mama wa Laini Saba atalisoma wapi? Mbegu ya mahindi ya 611 ilipotoka Kitale 1964, bwana shamba aliipeleka mpaka kwa mkulima mdogo. Mwenye gunia hajapata bwana shamba wa namna hiyo, ijapokuwa sheria ya Kaunti ya Nairobi ya 2015 inakitambua kilimo cha mjini, na maabara ya udongo ya KALRO iko Kabete, si mbali na Kawangware.

Wako ndugu wasemao chama ni cha mishahara, si cha mboga. Twawajibu kwamba hatumpi mwajiri nafasi ya kusema tunajilisha wenyewe. Zamani za ukoloni mshahara ulikadiriwa wa mtu mmoja kwa hoja kwamba bibi analima rizavu, mpaka Kamati ya Carpenter ikalikosoa jambo hilo 1954. Nyongeza tutaidai vile vile, gunia liwepo lisiwepo. Lakini mtoto anayekula mboga hiyo leo hawezi kungoja mapatano yetu.

Twapendekeza kila tawi likusanye udongo wa magunia, likiandika ulichotwa wapi, na ada ya kupimwa Kabete itoke katika mfuko wa tawi. Majibu yatolewe kwa Kiswahili, yasomwe mkutanoni mbele ya bibi zetu, maana magunia ni yao.