Maiti Wasiohesabiwa



Wasomaji wetu watukufu, juma hili tunawaondoa pwani na kuwapeleka kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, katika Homa Bay na Migori. Mwanzoni mwa karne iliyopita pande hizo, zikiitwa Kavirondo Kusini, zilishukiwa na malale. Mgonjwa huanza kwa homa na kuumwa na kichwa. Kisha akili humvurugika, akasinzia mchana kutwa, na asipotibiwa hufa.

Katika nchi jirani ya Uganda maradhi hayo yalitambuliwa mwaka 1901, na mwaka 1903 ikabainika kuwa mbung'o ndiye ayabebaye. Waliokadiria wafu wa huko kwa miaka michache tu, wako wanaosema 200,000 na wako wanaosema 250,000. Na tulitazame pengo lililo baina ya hesabu mbili hizo. Ni waja 50,000 wa Mwenyezi Mungu, kila mmoja ana jina na mama aliyemzaa, nasi hata leo hatujui tuwaweke wapi.

Malale yalirudi tena katika Bonde la Lambwe, Homa Bay, hata miaka ya 1980. Lakini safari hii watu walipimwa damu, mbung'o wakategewa mitego, na wagonjwa wakaandikwa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa nchini alionekana mwaka 2009, na Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kuwa Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Asiyehesabu hawezi kujua kuwa maradhi yamekwisha.

Tumeyasema haya kwa sababu yanatuhusu. Sunna yatuhimiza kuharakisha mazishi, nasi twafanya hivyo. Lakini mara ngapi tumerudi makaburini bila naibu wa chifu kuarifiwa, wala kibali cha mazishi kuchukuliwa? Baadaye mjane huhangaika kutafuta cheti cha kifo ili mirathi ya mayatima igawanywe. Na homa ikiua katika nyumba tatu za mtaa mmoja, hapana ajuaye kuwa ni homa ile ile.

Kuharakisha na kuandikisha havipingani. Wakati baadhi yetu wanaosha na kukata sanda, kijana mmoja na aende kwa naibu wa chifu. Hiyo nayo ni katika haki za maiti, na za walio hai.

Wabillahi tawfiq.