Likizo ni ya Mtoto, Si ya Shule

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi jioni ya Jumatano: shule inafungwa Ijumaa, masomo ya ziada yanaanza Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, malipo yakamilishwe mapema. Likizo ya Juni ikawa imebaki Jumamosi na Jumapili. Nilisubiri mzazi mmoja aulize watoto watapumzika lini. Wote waliojibu walishukuru. Mmoja aliomba muda usogezwe hadi saa kumi jioni, maana mwanawe akikaa nyumbani anaharibika.

Anaharibika. Neno hilo ndilo ninalogombana nalo. Limesemwa mara nyingi mno katika nyumba zetu hata hakuna anayelihoji tena. Tumeaminishana kwamba mtoto akikaa nyumbani wiki nne anasahau yote, anaachwa na wenzake, na mzazi anayemwacha acheze likizo nzima hajui thamani ya elimu. Imani hiyo ni potofu, na inatunyang'anya kitu ambacho hakuna shule itakayoturudishia.

Mtazame huyo mtoto anayeogopewa kuharibika. Wengi wanaosoma mbali na kwao hapa Dar es Salaam huamshwa saa kumi na nusu alfajiri. Basi la shule likipiga honi, anapanda macho hayajafunguka vizuri, analala ameegemea dirisha mpaka getini. Anarudi giza linaingia, anaoga, anakula, anafungua madaftari ya kazi za nyumbani, usingizi unamkuta na penseli mkononi. Hivyo ndivyo anavyoishi kuanzia Januari. Baba yake, kama ameajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku 28 za likizo yenye malipo kila mwaka, na hatujawahi kumsikia mtu akisema kwamba baba akipumzika ataharibika. Mtoto wa miaka 8 ndiye tunayemwona hastahili.

Na sheria haiko kimya kuhusu mtoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inapotaja anachodai mtoto kwa mzazi wake, imeiweka haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, zote katika orodha moja. Wenzetu wa Kenya walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya elimu ya msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo waziwazi. Lakini hata huko masomo hayo yamekuwa yakirudi kwa majina mengine, kwa sababu sheria haiwezi kufuta hofu iliyomo ndani ya mzazi. Hapa kwetu, Januari 2023, Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne liliacha kutaja shule na wanafunzi walioongoza. Orodha ile tuliyokuwa tukiikimbilia imeondolewa. Bado tunakimbia, na watoto tumewashika mkono tunawaburuta.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nami nimo katika waliolipa. Juni ya mwaka juzi nilituma pesa bila kuuliza swali. Binti yangu alikuwa na miaka 7. Wiki ya pili ya tuisheni jino lake la mbele liling'oka darasani. Alilifunga kwenye kipande cha karatasi ya daftari, akaliweka ndani ya mkebe wa penseli ili jioni tukalirushe pamoja juu ya paa, kama nilivyomsimulia kwamba nami nilirusha yangu nilipokuwa mdogo. Nilirudi saa nne usiku, amelala. Kesho yake akaenda nalo tena tuisheni, jioni nikachelewa tena. Siku ya tatu mkebe ulikuwa na penseli tu, hakujua limedondoka wapi. Nimemuuliza alifundishwa nini wiki ile. Hakumbuki, wala mimi sikumbuki alichoandika. Jino tunalikumbuka sote wawili.

Mwaka jana sikulipa. Nilichukua siku zangu za likizo mwezi Juni badala ya Desemba, tukapanda basi kwenda Muheza kwa bibi yake. Huo ndio msimu wa machungwa, na ukishapita Segera harufu yake inaingia hata kwenye basi. Siku mbili za kwanza alinisumbua kweli. "Baba, leo tunafanya nini?" Nilimjibu kwamba hatufanyi kitu. Alinuna, akaizunguka nyumba, akarudi kulala mkekani akitazama kenchi za paa. Nilikaribia kumtolea karatasi za kazi za likizo tulizopewa na shule, nikajizuia. Siku ya tatu hakuuliza tena.

Siku hiyo bibi yake alikuwa barazani akimenya machungwa kwa kisu kilicholika kwa kunolewa, ganda likishuka kama utepe mmoja mrefu mpaka kwenye ungo. Binti yangu akataka kujaribu. La kwanza alilitoboa, maji yakamchuruzika hadi kwenye viwiko. La pili ganda lilikatika mara nne. "Bibi, mbona lako halikatiki?" Bibi hakumharakisha. Alimshika mkono akamwonyesha kwamba linalozunguka ni chungwa, kisu chenyewe kinatulia. Walikaa pale tangu baada ya chakula cha mchana mpaka adhana ya alasiri. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, simu nimeizima, nikamwona mwanangu anavyoutoa ulimi pembeni anapokuwa makini. Sikuwa nimewahi kukiona kitu hicho, na nimeishi naye nyumba moja tangu azaliwe.

Watetezi wa michezo hupenda kusema hapa kwamba mtoto akipumzika anarudi shule na akili nyepesi, kwamba kucheza mdako kunamfundisha kuhesabu na kombolela inampa mbinu. Huenda ni kweli. Mimi sitaki kuitetea likizo kwa njia hiyo. Ukishakubali kwamba saa ya kucheza lazima ilete maksi ndipo iruhusiwe, umeshampa mwenye tuisheni ushindi. Mtoto hakuzaliwa ili awe mtahiniwa. Utoto wake ni maisha yake ya leo, anayaishi sasa, na saa ile ya kumenya machungwa ilikuwa halali hata kama haitaongeza alama moja kwenye mtihani wowote.

Tunajibiwa kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo inazungumzia malezi, na malezi yanataka mlezi awepo. Mtoto anayeondoka nyumbani gizani na kurudi gizani, likizo kwa muhula, anakunjwa na nani? Sisi tunamlipia ada, tunamvika, tunamnunulia begi. Sketi ya Januari inafika Juni imeshapanda juu ya magoti, nasi tunashtuka kwamba amekua, kwa sababu hatukuwepo akikua.

Najua kuna mama asiye na mwajiri wa kumpa siku 28. Anauza mboga gengeni, asipofungua hakuna ugali jioni, na mtaani kwake hakuna tena uwanja wala jirani wa kumwachia mtoto. Kwake tuisheni ni mahali salama pa kumweka mwanawe mchana. Mama huyo simlaumu hata kidogo. Lakini anachokihitaji ni ulinzi wa mtoto, na hicho kinapatikana bila vitabu: shule ifungue uwanja wake asubuhi, mwalimu mmoja asimamie na alipwe haki yake, watoto wacheze. Kama hilo halipo, mtoto anayeshinda gengeni na mama yake, akipanga mafungu ya nyanya na kusikia mama anavyozungumza na wateja, yuko mahali pazuri. Mama asione haya.

Mwenye lawama ni mwenye uwezo. Ni yule mwenye likizo ya malipo, mwenye bibi na babu kijijini wanaouliza kila Idi na kila Krismasi wajukuu watakuja lini, ambaye bado anasema mtoto hana nafasi. Huyo namwomba ahesabu. Miaka 7 ya shule ya msingi ina likizo ndefu 14, za Juni na za Desemba. Kwa watoto wa mtaala mpya, msingi ni miaka 6, kwa hiyo ni 12. Baada ya hapo wengi wanakwenda bweni, na wakirudi nyumbani wana marafiki zao, simu zao na mlango wa chumba uliofungwa. Binti yangu yuko darasa la tatu, katika mtaala huo mpya. Amebakiza likizo 8, na hii ya Juni ni mojawapo.

Kama ujumbe wa masomo ya ziada umeshaingia kwenye simu yako, usiuache bila jibu na usijibu "asante mwalimu" kwa sababu wengine wamejibu hivyo. Andika leo, wazazi wote wasome: mwanangu hatakuja, yuko likizo.