Apophis litatupita, halitatugonga

Ukitumiwa ujumbe kwamba jiwe la angani litaimaliza dunia Aprili 13, 2029, usiusambaze. Jiwe lipo kweli, linaitwa Apophis. Ni asteroidi, yaani mwamba unaolizunguka jua kama sayari zinavyolizunguka, ila ni mdogo mno: upana wake kama mita 340 tu. Siku hiyo litapita kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini, karibu kuliko setilaiti zinazoleta picha kwenye madishi yetu, zilizo kilomita 36,000 juu. Ndiyo maana watu wanaogopa. Lakini mwaka 2021, baada ya vipimo vya rada, NASA ilitangaza kwamba halitatugonga kwa angalau miaka 100 ijayo. Usiku huo, huku Afrika litaonekana kwa macho kama nukta ya mwanga inayosogea. Shida ni masika. Mawingu ya Aprili tunayajua.