Njia ya Wengi Isigeuzwe Haki ya Wachache

Tarehe 30 Septemba, 2025, vibandiko vilivyowaruhusu wenye magari ya umeme wa jimbo la California, Marekani, kupita peke yao katika njia za magari yenye abiria wengi vilikwisha nguvu. Sheria ya Shirikisho iliyoyapa majimbo uwezo wa kutoa ruhusa hiyo ilifikia kikomo siku hiyo, na Bunge la nchi hiyo halikuiongezea muda. Wako walioona kuwa wamenyang'anywa haki. Lakini ni dhahiri kwamba kilichokwisha siku ile hakikuwa haki, kilikuwa upendeleo.

Njia hizo zilibuniwa kwa lengo la kusafirisha watu wengi katika nafasi ndogo. Katika barabara ya Shirley, jimbo la Virginia, njia ya pekee ilifunguliwa mwaka 1969 kwa ajili ya mabasi, na magari ya watu wanne yakaruhusiwa mwaka 1973. Watu wanne walioacha magari matatu nyumbani walistahili kutangulia, kwani waliwapunguzia wenzao msongamano.

Mwenye gari la umeme naye ametenda jema: gari lake halitoi moshi barabarani. Hapana anayelikanusha jema hilo. Hata hivyo, gari hilo huchukua nafasi ile ile inayochukuliwa na gari la petroli. California ilianza kutoa vibandiko mwaka 2000, magari hayo yalipokuwa machache na watu wakihitaji kushawishiwa. Kufikia mwaka 2025, vilivyokuwa vikitumika vilizidi laki tano. Kishawishi cha wachache kilikuwa kimegeuka mzigo wa wote.

Onyo lilikwisha kutolewa mapema. Mwanzoni mwa mwaka 2000, katika njia ya El Monte mjini Los Angeles, sharti la watu watatu lilipunguzwa kuwa wawili. Njia ikafurika, mabasi yakakwama, na katikati ya mwaka huo huo sharti la watatu likarejeshwa kwa saa za msongamano. Walioumia zaidi ni abiria wa mabasi, ambao wengi wao hawana gari la umeme wala la petroli.

Kasoro nyingine ilionekana mpakani. Barabara kuu namba 10 hutoka Los Angeles hadi Phoenix, jimbo la Arizona, mwendo wa kilometa 600 hivi. Barabara ni moja na gari ni lile lile, lakini kibandiko cha California kilikuwa na nguvu California tu. Arizona ilikuwa na namba zake maalumu. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Ikiwa sababu ya ruhusa ilikuwa hewa safi, je, hewa inajua mpaka? Gari lenye watu wanne halihitaji kibandiko: askari wa jimbo lolote anaweza kuhesabu vichwa.

Magari ya umeme yanafaa kuhimizwa kwa unafuu wa kodi, kwa vituo vya kuchajia vilivyotapakaa njiani, na zaidi ya yote kwa mabasi ya umeme. Upendeleo wa barabarani ukitolewa tena, masharti yake yawe mamoja kwa majimbo yote, na tarehe ya kikomo itangazwe kabla mwananchi hajakopa fedha za kununulia gari. Njia ya wengi ibaki ya wengi.